Kambare Wenye Ndevu wa Wifi Yangu

Wifi yangu hukata vioo. Watoto wakivunja dirisha kwa mpira, au mtu akibamiza mlango kwa hasira mpaka kioo kikashuka chote, wanamwendea yeye. Ana banda nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ana meza ndefu iliyotandikwa zulia kuukuu, na ana vidole kumi kamili, jambo ambalo katika kazi yake ni cheti tosha. Mimi niliolewa na kaka yake. Nauza vitu vilivyotumika: makochi, friji, majiko, vitanda vya watu waliohama na vya waliohamishwa.

Miaka yote hiyo nilimjua wifi kama mtu asiye na hamu ya kitu chochote cha dukani. Nguo hanunui mpaka ya zamani imgomee. Chakula kwake ni chakula tu. Kwa hiyo siku aliyoingia stoo kwangu akihema, vumbi la kioo likimetameta kwenye nyusi, akasema, "Wifi, kuna samaki namtaka," nilidhani ana njaa.

"Kilo ngapi?"

"Si wa kula. Wa kutazama."

"Atatazamwa na nani?"

"Na mimi."

Alikuwa amekwenda kubadilisha kioo cha mlango katika duka la samaki wa mapambo. Akawaona chini kabisa ya tangi, wamejibanza kwenye jiwe: kambare wadogo, urefu wa kidole, weupe wenye milia myeusi kuanzia puani hadi mkiani, kana kwamba mtu amekaa akawapigia rula. Alisimama na kioo cha watu mkononi mpaka mwenye duka akamuuliza kama amepooza. Ndipo akauliza bei. Sasa alinitajia kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Nilikaa kwenye kochi la kuuza.

"Hiyo ni bei ya friji," nikamwambia. "Friji ya milango miwili. Inayogandisha."

"Najua."

"Samaki mmoja anakuja na nini? Na kabati lake?"

"Anakuja na mfuko wa maji."

Nilicheka mpaka dereva wangu akaingia kuona kama nimeanguka. Wifi hakucheka. Alingoja nimalize, akasema, "Nataka kuwazalisha, wifi. Halafu watoto niwauze." Nikaacha kucheka. Neno kuuza nikilisikia hunikalisha wima. Kitu kidogo kama kidole, bei ya friji, na hakihitaji watu wawili kukishusha kwenye gari!

Lakini kwanza palihitajika chumba. Wifi anaishi kwa mama yake, yaani mama mkwe wangu, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba ambaye hajawahi kushindwa hoja na mtu aliye hai. Nyumbani kwake mna chumba mwisho wa ukumbi, kitupu tangu mume wangu aoe. Mama alikuwa amekwisha kuongea na mpangaji: mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi, ambaye mkataba wake kule anakokaa ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka.

"Tarumbeta, Mama?" wifi akasema. "Humu ndani?"

"Tarumbeta inalipa kodi. Samaki wako watalipa nini?"

"Wakizaa watalipa."

Mama akavua miwani akaifuta. Anapoifuta miwani ujue bei inakuja. "Sikia. Mpaka mpangaji afike, chumba ni cha samaki. Wakizaa kabla hajafika, nitamwambia mtu wa watu atafute pengine, na chumba kitakuwa chako. Wasipozaa, matangi yanakwenda uani siku hiyo hiyo."

"Uani kuna baridi. Hawa wanaishi maji ya moto. Watakufa."

"Basi wazae," akasema Mama. "Wewe mwenyewe nimekusubiri zaidi ya hapo."

Tukaenda dukani, mimi na wifi, na akiba yake yote aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya pikipiki ya kubebea vioo. Nilimpa sharti moja tu: asifungue mdomo. Wifi ana kasoro moja kubwa, kwamba akiulizwa kitu hujibu ukweli.

Mwenye duka watu wanamwita Mapovu, kwa sababu ukuta mzima nyuma yake unatoa mapovu na yeye mwenyewe huongea kama yanayopanda. Nilianza kama ninavyoanza kila mahali, kwa kuonyesha kuwa sikuja kununua.

"Hivi hivi visamaki ndivyo mnauzia watu bei ya gari?"

"Dada yangu, hata mimi bei hiyo inanitisha. Lakini hebu tazama ulimwengu mzima. Wanatoka mto mmoja tu. Sikusema miwili."

"Si mwende huko mkavue."

"Huko kwao hairuhusiwi tena kuwavua uwauze nje. Hawa unaowaona wamezaliwa kwenye matangi ya watu, kama kuku."

"Kama kuku! Bei ya kuku unaijua?"

"Kuku anataga kila siku, dada. Hawa wakitaga, wafugaji wanapigiana simu. Mayai yenyewe unayahesabu kwa vidole vya mikono, na ukibahatika sana unavua viatu. Baba ndiye analea. Ukimkera, anayasukuma nje mayai yote, yanaharibika, mnaanza upya. Halafu kitoto chenyewe kinakua kama ukucha. Mwaka mzima unalipia umeme wa kumpasha moto mtu asiyefika nusu ya kidole. Pampu ikizimika usiku mmoja, asubuhi umekuwa maskini."

Nilitingisha kichwa. Nimewahi kuweka friji zikiwaka dukani nikingoja mnunuzi. Bidhaa inayokula umeme kabla ya kuuzwa naijua vizuri. Lakini huruma na bei ni vitu viwili. Tuliburuzana pale mpaka wateja wawili wakaingia na kutoka. Mwishoni akasema, "Haya. Wanne, bei moja kwa wote. Chagua mwenyewe."

Chagua mwenyewe! Hapo ndipo ninapopapenda. Niliwachagua kama ninavyochagua makochi: unatazama upana, unatazama miguu, unatazama kama kuna mahali pamevimba, maana kochi likivimba lina maji ndani. Nikawatoa wanne walioshiba afya, vichwa vipana, mashavu yamejaa vinywele vigumu kama brashi ya viatu. Wifi akanyoosha kidole kwa mmoja mdogo, kichwa chembamba, tumbo la duara.

"Na huyu je?"

"Huyo kavimba. Mgonjwa. Na yule pale naye kavimba. Waache."

Mapovu alifungua mdomo, akaufunga. Halafu akafanya jambo ambalo katika biashara zangu zote sijawahi kulitendewa: akapunguza bei nyingine juu ya ile niliyokwisha kupunguza, na akatuongezea wavu wa bure. Na hakulia. Muuzaji anapopunguza huwa analia: kodi ya duka, ada ya watoto, mkewe yuko hospitali. Huyu alikuwa anatabasamu na kutufungulia mlango. Mimi nikatoka pale nikiwa naelea.

Chumba wifi alikitengeneza kwa mikono yake. Matangi aliyaunga kwa vioo vilivyobaki vya madirisha ya watu. Moja lilikuwa na alama ya ua pembeni kwa sababu lilitokana na mlango wa bafu. Akaweka hita, akaweka pampu zinazosukuma maji mpaka yakawa yanakimbia kama mto, na mfinyanzi akamfinyangia vibomba vya udongo vilivyozibwa upande mmoja, maana kambare hawa hawatagi mpaka wapate pango linalowabana. Ukiingia mle miwani inashika ukungu. Mama alianza kuanika nguo zake mle. Alisema zinakauka haraka, na kwamba haimaanishi kakubali kitu.

Kila kambare akachagua kibomba chake, akakaa mlangoni. Akapita mwenzake, anatoka anamfukuza, anarudi kukaa mlangoni. Basi. Miezi ikapita hivyo. Walikula, walinenepa, walikaa mlangoni.

"Huko kwao huzaa mvua zikianza," wifi akasema. Alikuwa amesoma kila kitu alichokipata. "Maji yanapoa ghafla na kujaa. Tuwanyeshee."

Nikaleta friji yangu moja iliyokataa kugandisha ila inapoza vizuri, tukajaza ndoo ndani. Wifi akapanda kigoda akawa anamimina maji baridi kwa kopo la kumwagilia maua, taratibu, tone kwa tone, uso wake umetulia kama wingu lenyewe. Mama alisimama mlangoni akitazama.

"Mvua gani hiyo isiyo na radi?"

"Mama, ni maji tu wanataka."

"Wewe umewahi kuwa samaki?" Akaenda jikoni, akarudi na sinia la bati, akaanza kulipiga. Aliponiona nimesimama bure akanipa tochi. "Mkwe, wewe umeme."

Mume wangu alipita jioni ile kuchukua funguo. Alikuta dada yake juu ya kigoda akinyesha, mama yake akinguruma kwa sinia, na mkewe akiwasha na kuzima tochi juu ya tangi. Alichukua funguo akatoka. Hakuuliza. Hajauliza hadi leo.

Haikuzaa kitu ile mvua. Tuliirudia kila juma, na kambare wakawa wanatutazama kutoka milangoni mwao kama wenye nyumba wanaoangalia majirani wakigombana. Mwaka ukawa unayoyoma. Mpiga tarumbeta alimpigia simu Mama kuuliza kama ukuta wa chumba una msumari wa kutundikia koti. Wifi akaacha kumaliza chakula chake. Alikata kioo cha mteja kifupi, jambo lisilowahi kutokea, akakaa nacho mapajani bandani akikitazama.

Halafu Mama, siku moja akiokota nguo zake kavu, akasimama mbele ya tangi. Akasogeza kigoda, akakaa, akakaa sana.

"Hawa ni wanaume," akasema.

"Nani, Mama?"

"Wote. Nimezaa watoto wa kiume wanne na nimekaa na baba yenu. Nikimwona mtu anashinda mlangoni, anafukuza wenzake, na hana kazi nyingine, nitashindwa kumtambua?"

Wifi alichomoa mfukoni ile lenzi yake ya kutafutia mikwaruzo kwenye kioo. Akaiweka kwenye tangi, akahama kibomba kwa kibomba. Mashavu ya wote wanne yalikuwa na ndevu. Ndevu za kiume, zilizokomaa. Alikuwa amesoma kuhusu ndevu hizo, lakini alidhani vile vinywele kila kambare anavyo, na kwamba ndevu zenyewe zitaota kwa madume wakati wa kuzaa, akawa anangoja.

"Na majike wanakuwaje?" Mama akauliza.

Wifi akarudisha lenzi mfukoni. "Kichwa chembamba. Na wakiwa na mayai," akasema, "wana tumbo la duara."

Wakageuka wote wawili kunitazama.

"Nani aliwachagua hawa?" Mama akauliza, ingawa alijua.

"Kwa bei ile," nikasema, na nasema hivyo mpaka kesho, "madume manne yalikuwa dili."

Tukarudi kwa Mapovu. Alituona tukivuka barabara, nilimwona akituona. Tulipoingia alikuwa ameinamia karatasi, anaimba. Kwenye tangi alibaki mmoja tu mwenye tumbo, amelala juu ya jiwe, duara kama kitufe cha koti.

"Karibuni, karibuni. Wale vijana wazima?"

"Wazima sana," nikasema. "Tumepita tu. Tumekuja kuangalia mimea."

"Namhitaji yule jike," akasema wifi. "Sana. Mpangaji anahamia mwisho wa mwezi."

Nilimkanyaga mguu.

"Wifi, unanikanyaga," akasema.

Mapovu akainua uso kwa upole wa daktari. Akataja bei. Ilikuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Nikasema tunampa madume wawili atupe jike mmoja. Akasema madume anao, tena mtu mmoja hivi alichagua vizuri sana mara ya mwisho, akamfundisha wateja wanapenda nini. Nikasema jike kavimba, ni mgonjwa. Akasema ndiyo, tena ugonjwa wenyewe ndio unaoongeza bei. Nikaondoka mpaka mlangoni, mbinu ambayo haijawahi kunitupa, na nilipofika mlangoni hakuniita. Nilisimama pale kama mwavuli uliosahauliwa.

Ndipo macho yangu yakashuka sakafuni. Chini ya lile tangi lake kubwa la mbele, lile la kuvutia wateja, palikuwa na tambara limekunjwa, na tambara lilikuwa limelowa. Juu yake, kwenye kona ya kioo, tone likajikusanya, likaning'inia, likadondoka.

"Mapovu," nikasema. "Tangi lako linalia."

"Hilo? Jasho tu."

"Wifi, hebu tazama jasho hilo."

Wifi alipiga magoti. Mdomo wake sasa ulikuwa na ruhusa. Akapitisha ukucha kwenye gundi ya kona, akagonga kioo mara mbili, akasikiliza. "Gundi ilipakwa juu ya gundi ya zamani," akasema. "Haishiki hivyo. Na kioo ni chembamba kwa urefu huu wa maji. Litafunguka lote kwa mpigo, na si muda mrefu. Hawa wote watakuwa barabarani."

Ukweli una faida zake ukiwa upande wako. Mapovu alitazama ule ukuta wa samaki wake, akatazama mlango, akatazama barabara. Sasa ndiyo akaanza kulia: kodi ya duka, ada, mke. Nilijisikia niko nyumbani. Tukakubaliana hivi: wifi anamjengea tangi jipya la kioo kinene, yeye anatupa jike, na anachukua madume wetu wawili. Nilidai na wavu mwingine. Akatoa.

Jike tulimsafirisha kwenye gari langu la kupeleka mizigo. Mbele palikuwa pamejaa kioo cha kabati la mteja, kwa hiyo wifi alikaa nyuma, juu ya kochi la watu watatu, mfuko wa maji umefungwa ndani ya blanketi tumboni, upepo unampiga. Trafiki akatusimamisha.

"Dada, huko nyuma umebeba nini?" akaniuliza.

"Bibi harusi," wifi akasema. Nasema tena, huyu mtu hajui kudanganya. Kwake hilo lilikuwa jibu.

Trafiki akachungulia ndani ya blanketi. Akamtazama yule samaki, akamtazama wifi, akatupungia tupite, akiwa amesimama wima kuliko alivyokuwa.

Hawakuchukua muda. Tukanyesha mara moja tu, maji baridi bila sinia, na asubuhi jike alikuwa ameingia kwenye kibomba cha dume mwenye ndevu nyingi kuliko mwenzake. Dume akaingia nyuma yake akaziba mlango kwa kiwiliwili chake. Siku ile hakumtoa. Ya pili hakumtoa.

"Mfungulie mtoto wa watu!" Mama akasema.

"Mama, ndivyo wanavyofanya."

"Ndivyo wanavyofanya si sababu. Hata baba yako ndivyo alivyokuwa akisema."

Baadaye jike akatoka, tumbo limelala bapa, akaenda moja kwa moja kwenye chakula bila kumtazama mtu. Wifi alikata kipande chembamba cha kioo cha kujitazamia, akakifunga kwenye kijiti, akakiingiza mbele ya kibomba akamulika. Mle ndani, nyuma ya dume, palikuwa na kishada cha mayai rangi ya chungwa, na dume alikuwa akiyapepea kwa mapezi na mkia bila kupumzika. Wifi alitupa kijiti, akanishika mikono, tukazunguka mle chumbani kati ya nguo za Mama zilizoanikwa, mimi na kilo zangu zote, tukiruka kwa vidole vya miguu ili tusitikise sakafu.

"Wamezaa!" nikamwambia Mama ukumbini, kwa mnong'ono. "Chumba kimepatikana!"

Mama akafuta miwani. "Kuku akitaga, umemwita mama? Mimi nilisema wazae. Mayai ni mayai."

Na tukiwa bado tunabishana hapo ukumbini, mlango wa mbele ukagongwa. Mpiga tarumbeta. Mwenye nyumba wake alimtoa mapema. Alikuwa na godoro begani, koti la bendi lenye vifungo vya dhahabu kwenye hanga, na tarumbeta mkononi, mwanamume mrefu mwenye adabu zote.

"Shikamoo, Mama. Samahani kwa kuja kabla ya siku."

"Marahaba, mwanangu," Mama akasema, akavua miwani akaifuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiifuta bila bei kufuata. Wifi alikuwa ameegemea mlango wa chumba, rangi imemtoka. Mtu wa watu amekuja, na watoto hawapo. Makubaliano yalikuwa makubaliano.

Akaingia. Akatazama matangi, akayasifu kwa heshima, akauliza yatahamishwa lini. Wifi akapita akasimama mbele ya tangi lenye mayai. Basi, kama fundi yeyote anavyofanya akifika mahali papya, akataka kukipima chumba kwa sauti. Akalamba midomo, akavuta pumzi mpaka vifungo vikakaza, akainua tarumbeta.

Wifi akatoa sauti ndogo, kama kioo kinachoanza kupasuka.

Sikumwona Mama akisogea. Nilimwona tu amefika, kilemba hakiko tena kichwani mwake, kimeshindiliwa ndani ya mdomo wa tarumbeta mpaka kiwiko. Pumzi ilikuwa imeshatoka. Kilichosikika ni kitu kama mbuzi aliyekalia puto.

"Nyamaza!" Mama akanong'ona, nywele zake za mvi zimesimama pande zote. "Humu kuna mtu analea!"

"Nani, Mama?"

"Mwanamume! Uliwahi kumwona mwanamume analea mayai peke yake, hali, halali, hatoki? Basi funga mdomo utazame, maana hutaona tena."

Akampa kile kijiti chenye kioo. Mpiga tarumbeta akachuchumaa, kilemba kikining'inia kwenye chombo chake, akatazama. Akatazama mpaka godoro lake kule ukumbini likaanguka lenyewe.

"Anapepea," akanong'ona.

"Tangu asubuhi," Mama akasema kwa fahari, kana kwamba alimfundisha yeye.

Palikuwa pa mtu mwenye akili kuingia kati, nami nikaingia. Nyuma ya stoo yangu kuna chumba chenye dirisha, kati ya makochi, ambapo jioni hakuna wa kumsikia isipokuwa friji. Nikamtajia kodi. Akakubali palepale, hata kabla sijaanza kulia. Nilikuwa bado najipongeza moyoni Mama aliponishika kiwiko, akanivuta ukumbini.

"Mkwe. Huyo mpangaji ni wa nani?"

"Wangu, Mama. Anakaa kwangu."

"Alikuja kwa nani?"

Kwa kifupi, nusu ya kodi ile inakwenda kwake. Nimebishana na watu wa kila aina, wanaouza na wanaonunua, na ni mmoja tu aliyewahi kunimaliza ukumbini akiwa kichwa wazi.

Mayai yakaanguliwa. Mama akahesabiwa watoto mmoja mmoja kwenye kioo, akatangaza kwamba sasa wamezaa, na chumba ni cha wifi. Mimi niliinama nikatazama vile vitu, vijivimbe vya njano vyenye mikia.

"Hawa tu?"

"Hawa tu," wifi akasema, anang'aa.

"Nilidhani kundi."

"Ndiyo kundi lenyewe, wifi."

Halafu tukangoja. Nilikuwa nikienda kila mwezi kuona bidhaa yangu, kila mwezi nakuta ni ileile. Wifi aliwalisha kwa kijiko cha dawa, aliwabadilishia maji kama mtu anayebadilisha nepi, na umeme ulipokatika alilifunika tangi kwa blanketi akalikumbatia huku mimi nakimbiza jenereta ya mteja ambayo haikuwa yangu. Wawili walikufa bila kusema kisa. Kufikia siku walipotimiza urefu wa kidole, nilikuwa nimeielewa bei ya Mapovu yote, hata ile ya jike, na chuki yangu kwake ikapungua kidogo.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa daktari wa meno, viatu vinang'aa. Alisimama katikati ya nguo za Mama akasema, "Samaki mmoja? Hii ni bei ya friji."

"Friji ninazo," nikamwambia. "Twende stoo ukaitazame friji mpaka usiku."

Akacheka, akabishana, alikuwa mzuri kiasi chake. Mwishoni nikamwambia bei moja, achague mwenyewe. Akainama. Akapita juu ya wenye matumbo, kidole chake kikaenda moja kwa moja kwa wale wenye vichwa vipana na ndevu. "Hawa wanne. Wanaonekana wenye afya."

"Mpunguzie kidogo," Mama akasema kutoka kwenye kigoda, mpole kabisa. "Kijana mzuri."

Nilipunguza. Bila kulia. Nilikuwa nimeshashika mfuko wa maji.

"Hao wote ni madume," akasema wifi. "Hawatazaa. Rudisha wawili, uchukue na huyu mwenye tumbo."

Nilimkanyaga mguu.

"Wifi, unanikanyaga."

Daktari akanitazama, akamtazama Mama, akamtazama wifi, na akajua wa kuongea naye. Akarudisha madume wawili, akamtaka jike. Akauliza kwa nini jike hana punguzo.

"Huyo hapungui," Mama akasema. "Huyo anakaa chumba cha kulipia."

Akalipa.

Pikipiki wifi hajanunua. Bado anasukuma vioo vyake kwa mkokoteni, na katika chumba kile sasa huwezi kupita bila kujikunja. Juzi aliingia stoo kwangu akihema, nyuma mpiga tarumbeta anafanya mazoezi, akaniambia Mapovu kaleta kambare mwingine, mweusi mwenye madoa meupe, kama usiku wenye nyota, na bei yake haitajiki.

"Usijali," nikamwambia, nikichukua mkoba wangu. "Twende nikuchagulie."

"Hapana, wifi," akasema. "Nakwenda na Mama."